Mume karudi na kesi ya pombe, mtoto kapigwa na kufukuzwa shule, na kote wananiambia saini yaishe

Shangazi shikamoo. Mie ni mama wa watoto watatu, nakaa Makorora hapa hapa Tanga, nakuandikia usiku huu wote wamelala maana mchana sipati hata nafasi ya kulia. Naomba unisaidie mawazo kabla ya Ijumaa.

Iko hivi. Mwanangu wa kwanza yupo kidato cha tatu, ana miaka kumi na sita. Ijumaa ya wiki iliyopita walimu walipekua madawati wakakuta kichupa cha pombe kali, kile kidogo cha kutia mfukoni, kwenye dawati ambalo wanakaa watatu. Yeye anaapa si chake, mwenzake ndo mwenye nacho, mie sikuwepo siwezi kuapa kwa niaba yake ila mwanangu namjua. Basi wakamtoa mbele, walimu wawili, mmoja akichoka anampokea mwenzie. Nilimuuliza vilikuwa viboko vingapi akanambia mama nilihesabu mpaka tisa afu nikaacha kuhesabu. Karudi nyumbani alasiri anatembea kama mtoto aliyetoka jandoni jana, suruali ya shule imegandana na ngozi ikabidi niiloweshe na maji ya vuguvugu ndo ivuke. Migongoni, mapajani, mpaka kwenye mkono alipojikinga. Nilienda nae hospitali wakaniuliza PF3 iko wapi, nikaona huko polisi nikienda ndo nimetangaza vita na shule, nikarudi nyumbani nikamkanda na maji ya chumvi.

Kosa langu la pili nikampigia baba yake. Yeye ni dereva wa lori za saruji, siku hiyo alikuwa mapumziko, yupo Pongwe na wenzie. Shangazi nyumbani kwetu pombe haiingii, ila akitoka na wenzie anakunywa, najua, nafunika tu. Kusikia mtoto kapigwa akawasha IST yetu huyo mbio anakuja mjini kupambana na walimu. Hajafika hata Kange akamgonga mzee mmoja wa baiskeli anauza mikate. Mzee kavunjika mkono, mikate imetapakaa barabarani, watu wamejaa. Trafiki wakaja, wakamtaka apulize kipima ulevi akagoma, anasema kile kidude wamepuliza watu kumi, yeye hatii mdomoni. Akalazwa ndani Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu shemeji yangu kaenda akaambiwa dhamana elfu themanini, katoa, risiti hakupewa, ndo mume wangu akatoka. Alhamisi ya wiki ijayo anatakiwa mahakamani. Kuna bwana mmoja anajuana na watu wa pale kituoni katushauri eti akifika akubali kosa tu, atapigwa faini, yaishe, akikataa kesi itazunguka mwaka mzima na kazi ataikosa.

Sasa shule nako. Jumanne nikaitwa ofisini, nakaa tu kwenye kiti mkuu wa shule kanisogezea barua imeshachapwa tayari, inasema mimi mzazi naomba kumhamisha mwanangu kwa sababu za kifamilia. Jina langu wamelikosea hata herufi. Akasema mama saini hapa tuyamalize kiungwana, ukikataa tutamfukuza kwa ulevi na hakuna shule itakayompokea. Nikaomba nikafikirie kanipa mpaka Ijumaa hii, na mtoto asionekane pale mpaka nisaini. Kuna mwanafunzi alirekodi kile kipigo kwa simu video imeshaanza kuzunguka kwenye magrupu ya mtaani, shoga zangu wananambia niitume kila sehemu ili shule iaibike.

Shemeji anasema twende pia kwa yule mzee tumpe chochote asaini karatasi kwamba kasamehe, kesi ife. Shangazi mie nimechoka, peni naiona kama mkombozi. Nisaini?

Mama Twalib, Makorora

*

Marahaba mwanangu. Pole, na funga hiyo peni.

Nimesoma barua yako mara mbili nikahesabu, mna karatasi tatu za kusaini, ya shule, ya mahakama ambayo si karatasi ila ni mdomo, na hiyo ya mzee wa mikate, na zote mmepewa kwa neno moja hilo hilo, yaishe. Mie nimekuwa karani wa mahakama miaka mingi kabla sijastaafu nikawa msaidizi wa kisheria, nilichokiona pale kwenye benchi ni kwamba kesi nyingi za wanyonge haziishi kwa hukumu, zinaishia hapo kwenye yaishe, mtu kasaini bila kusoma afu anakuja baada ya miezi mitatu anauliza sasa nifanyeje.

Tuanze na mtoto maana alama za fimbo zinapona, na zikipona ushahidi umeondoka. Kesho asubuhi, si kesho kutwa, mchukue uende kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, mle huwa kuna askari wa kuongea na mama na mtoto bila kelele za kaunta. Omba PF3. PF3 si vita mwanangu, ni fomu ya matibabu, daktari anaijaza anaandika alichokiona kwenye mwili, basi. Ukitaka baadae ushtaki utashtaki, usipotaka ni hiari yako, lakini bila hiyo fomu hata ukitaka utakuwa na mdomo mtupu. Na leo usiku huu huu mpige picha, mgongo na mapaja na ule mkono, na hiyo suruali usiifue tena kama bado ina alama.

Sasa sikiliza vizuri hapa kwa sababu watu wengi wanachanganya. Wapo wanaosema viboko shuleni vimefutwa, si kweli, bado vipo kisheria. Ila vina kanuni zake, za mwaka 2002, chini ya Sheria ya Elimu, na kanuni zinasema visizidi vinne kwa wakati mmoja. Vinne. Mwanao kahesabu tisa afu akachoka. Anayechapa ni mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na hata huyo mwenye ruhusa kila mara anatakiwa apate idhini ya mkuu, sio mwalimu yeyote aliyeamka vibaya. Fimbo iwe nyepesi, mtoto anachapwa mkononi au makalioni juu ya nguo, na waangalie umri na afya ya mtoto na uzito wa kosa. Hakuna mahali palipoandikwa mgongo, wala hakuna pa kupokezana kama watu wanatwanga mpunga. Na lazima iandikwe kwenye kitabu maalum, jina la mtoto, kosa, viboko vingapi, kachapa nani, na mkuu anasaini. Kwaiyo kitu cha kwanza ukifika shule unaomba kwa adabu kabisa, mwalimu naomba nione kitabu cha adhabu cha Ijumaa ile. Wakikionyesha na kimeandikwa vinne una PF3 ya kulinganisha. Kisipokuwepo, hilo nalo ni jibu.

Ila nikwambie na upande wa pili usije ukasema Shangazi kakudanganya, hizo hizo kanuni zinasema mwanafunzi akikataa adhabu halali anaweza kusimamishwa. Wanaweza kuja na maneno alikaidi alijikinga alimsukuma mwalimu. Muulize Twalib ukweli wote leo, hata ule usiopendeza, na umwandike anavyosimulia kwa maneno yake akiwa bado anakumbuka, nani alikuwepo, saa ngapi, dawati la wangapi, hao wawili wengine wamefanywa nini. Mie hapo ndo pananiwasha, dawati watatu kichupa kimoja, kapigwa mmoja? Na mimi simtetei mtoto kwenye pombe. Toka viroba vya plastiki vipigwe marufuku Machi 2017 watu wamehamia kwenye hivi vichupa na kweli vinaingia mashuleni, walimu wanahangaika, nawaelewa. Lakini kuhangaika hakumpi mtu fimbo ya tano.

Barua ya uhamisho. Usisaini. Ngoja nikueleze kwa nini wanaipenda sana hiyo barua. Kumfukuza mwanafunzi si kazi ya mtu mmoja ofisini, linapelekwa kwenye bodi ya shule, bodi inakaa, na Katiba yetu ibara ya 13(6)(a) inasema pale haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, mtu huyo apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa. Bodi ni chombo. Kwaiyo wakitaka kumfukuza wamwite, waseme kosa gani, ajieleze, na wewe uwepo, afu watoe uamuzi kwa barua. Uamuzi ukitoka unao mkononi unaweza kuupinga juu yake. Lakini ukisaini kwamba wewe mwenyewe umeomba kuhama kwa sababu za kifamilia, nani kamfukuza? Hakuna. Umemfukuza wewe. Huna cha kukatia rufaa, viboko vimefutika, kitabu cha adhabu hakiulizwi tena. Barua imechapwa kabla hujafika, jina lako limekosewa, ina maana hata hawakujisumbua kukujua, wanakujua saini tu.

Ijumaa nenda, usikwepe, nenda na mtu mzima mmoja mwenye kauli, na siyo baba yake, tafadhali sana. Peleka barua yako mwenyewe ya ukurasa mmoja, kwamba unaomba upewe kwa maandishi kama mtoto amesimamishwa, kwa siku ngapi na kwa kosa gani, kwamba uko tayari kufika bodi, na unaomba kuona kitabu cha adhabu. Nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea, moja ubaki nayo. Wakikataa kupokea, andika pembeni tarehe na saa na jina la aliyekataa, afu ongoza kwa afisa elimu sekondari pale halmashauri ya jiji, na upite na kwa afisa ustawi wa jamii kwa sababu Twalib hajafika kumi na nane, kisheria ni mtoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtesa mtoto kwa jina la kumrudi. Ukishindwa nauli piga 116, ni namba ya simu ya watoto, bure, watakuelekeza. Hilo la kwamba hakuna shule itakayompokea ni la kukutisha, usilijibu, we omba liandikwe. Utaona halitaandikwa.

Video iweke. Mpate yule aliyerekodi akutumie ile yenyewe, sio iliyozunguka ikakatwa, ihifadhi na kwenye simu nyingine, uipeleke kule Dawati la polisi. Kuisambaza usisambaze. Shule itaaibika wiki moja, Twalib ataitwa yule wa video mpaka anamaliza chuo.

Haya, tuje kwa baba watoto. Hapa nitakuwa mkali kidogo na wewe msomee hivi hivi asipunguziwe.

Kesi ya mtoto na kesi yake msizichanganye. Akisimama mbele ya hakimu akasema mheshimiwa mwanangu alikuwa kapigwa, ni kweli inauma na inaweza kumsaidia kidogo wakati wa kuomba apunguziwe adhabu, lakini hasira za mzazi hazikuweka mkono wa yule mzee kwenye plasta. Aliyekunywa afu akashika usukani ni yeye.

Sheria ya Usalama Barabarani, ile ya 1973 Sura ya 168, ina makosa zaidi ya moja hapo na ndo maana nasema asikubali kitu asichokijua. Kuna kosa la kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kumudu gari, hilo halihitaji mashine, mashahidi na ajali yenyewe vinaweza kuzungumza. Kuna kosa la kuzidisha kiwango, na kiwango kwa gari binafsi ni miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu. Kwa gari la biashara ni sifuri kabisa, sasa yeye ni dereva wa lori, bahati yake siku ile alikuwa kwenye IST yenu, angekuwa na lile lori hata chupa moja ingetosha. Na asianze kunihesabia ati nilikunywa tatu tu, wanaume wote waliopita mbele ya kaunta yangu walikunywa tatu tu. Mwili wa mtu, kala nini, kanywa kwa muda gani, vyote vinabadilisha.

Afu kuna kugoma kupuliza. Hilo peke yake ni kosa kama huna sababu ya msingi. Kama alikuwa anaogopa uchafu angesema nitapuliza ila naomba mniwekee kale kamrija kapya ka mdomoni, ni ombi la haki na kanabadilishwa. Kukaza shingo kumemwongezea shtaka ambalo labda asingekuwa nalo. Na kwa sababu kuna mtu kaumia, linaweza kuwepo na la uendeshaji uliosababisha majeraha.

Kwaiyo yule bwana anayejuana na watu anaposema akubali kosa, mwulize, lipi? Alhamisi karani atasoma hati ya mashtaka shtaka moja moja. Asikilize. Kila moja anaulizwa kweli au si kweli. Asipoelewa anasema mheshimiwa sijaelewa, hakimu hamli mtu. Mie sisemi akane kila kitu, kama alikunywa alikunywa, kukiri mapema ikiwa ni kosa la kwanza kuna uzito wake mbele ya hakimu. Lakini akiri akijua, kwa sababu mtu akikiri mwenyewe na kutiwa hatiani, rufaa ya kupinga hatia hana tena, anabaki na ya kulalamikia adhabu peke yake. Na adhabu siyo faini tu kama alivyoambiwa, mahakama ina uwezo wa kumzuia kuendesha, na dereva wa lori bila leseni ni nani? Ndo ile kazi aliyoambiwa ataiokoa kwa kukubali. Kabla ya Alhamisi atafute wakili hata wa kumshauri nusu saa. Hela hamna, waulizieni wasaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewaweka kwa ajili ya watu kama nyie, hawawezi kusimama mahakamani ila wanakusomea hati na kukuunganisha na wakili.

Hayo maelezo aliyoandika polisi, muulize alisomewa kabla ya kusaini? Ana haki ya kusoma au kusomewa na kurekebisha kilichokosewa. Na ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili akiwa ndani. Kama vyote hivyo havikufanyika, amwambie wakili siku ya kwanza, sio siku ya hukumu.

Zile siku tatu na ile elfu themanini. Mtu akikamatwa anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama haiwezekani, mathalani ni wikiendi, na kosa si lile zito, apewe dhamana ya polisi. Ijumaa mpaka Jumatatu inahitaji maelezo. Na dhamana ya polisi haiuzwi, mara nyingi mnadhamini kwa kusaini kwamba mtu atarudi, na pesa isiyo na risiti si dhamana, mnajua jina lake. Shemeji akiwa na moyo TAKUKURU ni 113, bure. Asipokuwa na moyo sitamlaumu, ila asije akaita tena dhamana.

Nimebakisha yule mzee kwa makusudi. Mama Twalib, umeniandikia barua ndefu, suruali ya mwanao nimeiona, jina lako lililokosewa nimeliona, ila mzee wa mikate hukuniambia hata kalazwa wapi. Umemtaja mara mbili, mara ya kwanza kavunjika, mara ya pili anatakiwa asaini. Si ndo vile vile ulivyofanyiwa wewe ofisini Jumanne? Mtu ana maumivu, unamsogezea karatasi iliyochapwa na chochote kidogo. Na wala haitaua kesi, kesi ya jinai ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi tu, na mkionekana mnamlipa shahidi mmejitafutia lingine. Fidia yake ni haki yake na ipo kwenye bima ya gari, ile ndogo ya lazima ni kwa ajili ya watu kama yeye, mtafutie nakala ya bima umpe ajue pa kudai. Ile bima kubwa kama mnayo, isomeni, nyingi hazilipi gari lako likiendeshwa na mlevi.

Kesho ukitoka kwenye PF3 pita ukamwone. Mpelekee uji, muulize baiskeli yake iko wapi, kama bado ipo kituoni mwambie shemeji aifuatilie, mkono ukipona ataitaka. Karatasi usibebe.

Shangazi